Tumefua Mara Tatu

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Anayebisha aje kazini kwetu, nimpe moja lililotoka kambani sasa hivi, halafu nivute stuli nimtazame anavyopigana nalo. Linataka watu wawili. Mmoja huku, mmoja kule, kila mtu na pembe zake mbili. Mnalivuta, mnalikung'uta, mnalikunja kwa urefu, kisha mnatembea mkielekeana mpaka mikono ikutane. Mmoja anakabidhi pembe zake, anainama kushika mkunjo wa chini, mnarudi tena nyuma. Kwa miaka kumi na saba mtu wa upande wa pili wa shuka langu amekuwa wifi yangu.

Nimeanza na shuka kwa sababu bila shuka hamtamwelewa. Watu wa mtaani wanasimulia kwamba alimwacha mume kwa wimbo, wanamalizia kwa kicheko, kana kwamba alishika gitaa akaruka dirishani. Haikuwa hivyo. Mimi nilikuwepo. Na huyo mume ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, kwa hiyo nikimsema vibaya mjue nina kibali.

Kazi yetu ni udobi. Mbele kuna kaunta na rafu kubwa yenye vijumba, kila mteja na kijumba chake. Nyuma ya kaunta ni chumba cha pasi, kisha chumba cha kukunjia, kisha ua wenye mabeseni na kamba. Mwenye duka tunamwita Bibi Pasi. Amepiga pasi miaka arobaini, na mpaka leo akikusalimia anakutazama kola kabla ya uso. Mchambuzi wa nguo ni mzee mmoja mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa, ndiyo maana jina lake ni Miwani.

Duka lina sheria tatu. Ya kwanza ni ya Miwani: alama kwanza, fungu baadaye. Kila mteja ana alama yake, imeshonwa kwa uzi ndani ya kola au kwenye pindo. Mwingine ana msalaba mwekundu, mwingine nukta tatu za bluu. Nguo ikiwa na alama inakwenda kwenye kijumba cha alama hiyo, hata kama imekuja ndani ya furushi la mtu mwingine. Isiyo na alama inarudi na furushi ililokuja nalo. Sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kufua nguo za nyumbani kila Jumatano, kwa hiyo nasi tuna alama zetu. Ya wifi yangu ni vistari viwili vya kijani.

Sheria ya pili ni ya Bibi Pasi. Doa likikataa, tunafua mara ya pili. Likikataa tena, mara ya tatu. Baada ya hapo hatung'ang'anii. Nguo inakunjwa vizuri na kurudishwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: *Tumefua mara tatu. Doa halikutoka. Tunarudisha.* Bibi Pasi anasema ukifua mara ya nne hufui tena, unachana.

Ya tatu ni ya chumba cha kukunjia, nayo hakuna aliyeitunga, tuliikuta. Tunakunja kwa kuimba, maana bila wimbo mmoja anavuta mapema, mwingine anachelewa, na shuka linatoka na tumbo. Mmoja anatoa ubeti mkirudi nyuma. Mikono ikikutana, mwenzake anamuuliza swali la kiitikio, naye anajibu. Ya kwenye wimbo hayazungumzwi nje ya wimbo. Na wimbo ulioanzwa lazima umalizwe, hata ukichukua mwezi, kwa sababu wimbo usio na mwisho unaharibu mikunjo. Msinicheke. Nimeyaona mashuka.

Sasa wifi mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake na sauti kubwa kuliko mikono. Akicheka ndani, mtu aliye uani anaanza kutabasamu bila kujua sababu. Alikuwa rafiki yangu kabla ya kuwa wifi yangu. Mimi ndiye niliyemchukua siku moja nikampeleka nyumbani kwetu, nikamwonyesha kaka yangu, nikajiona mjanja. Miaka kumi na sita iliyopita hiyo. Kila nikikumbuka nataka kujipiga kibao.

Kaka yangu ni mwalimu wa udereva. Ana gari lenye kibao juu, na mashati kumi na saba. Hana mali nyingine. Ni mtu mchangamfu, mtanashati, ana maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni, na tatizo lake moja ni kwamba anafundisha watu kuwasha taa kabla ya kukata kona, yeye mwenyewe anakata kona gizani. Kona ya kwanza ilikuwa mwanafunzi wake aliyefeli mtihani wa kurudi nyuma mara nne. Baadaye tukajua kwa nini alikuwa hana haraka ya kufaulu. Wifi alilia wiki, akasamehe. Kona ya pili ilikuwa dada mmoja wa duka la vioo. Akalia siku tatu, akasamehe. Nilipomuuliza anasameheje, aliniambia:

"Wifi, mimi ni dobi. Kazi yangu kutoa doa. Nikishindwa doa la nyumbani kwangu, watu wataniletea nguo?"

Alisema akicheka, lakini hakuwa anatania. Aliamini hivyo kabisa, kwamba lile doa likibaki aibu ni yake.

Basi. Mwezi wa tatu mwaka juzi kaka alirudi nyumbani bila shati. Si kifua wazi, hapana, alikuwa na fulana na koti. Shati lake jeupe lenye mistari ya bluu, lile la sherehe, alisema limeibwa kwenye gari akiwa anafundisha mtu kuegesha. Wifi akasikitika. Alimpa pole, tena akamkaangia mayai.

Jumatano ya wiki ya pili yake, wifi akaenda kwenye kijumba chake kuchukua nguo za nyumbani. Juu ya sare za binti yake lilikuwa limekaa shati jeupe lenye mistari ya bluu. Alilifungua. Ndani ya kola, vistari viwili vya kijani, kazi ya mkono wake mwenyewe.

"Miwani," akaita, "hili limetoka wapi?"

Miwani akalisogeza mpaka likamgusa pua. "Hilo? Limekuja kwenye furushi la Nukta Tatu. Lakini alama ni yako. Alama kwanza, fungu baadaye. Nimekosea?"

"Hujakosea, baba," wifi akasema. "Uko sawa kabisa."

Mzee wa watu akarudi kwenye nguo zake, amefurahi. Nukta Tatu ni mteja anayekaa upande wa soko, mwanamke nadhifu, mpole, anaishi peke yake. Au ndivyo tulivyodhani. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kapu la shuka. Niliona wifi ananusa lile shati mara moja tu, kama mtu anayepima chumvi, kisha akalitia kwenye beseni. Akaja, akashika pembe zake, na tulipoanza kurudi nyuma akatoa ubeti ambao sijawahi kuusikia:

*Shati lilitoka kwangu, limenyooka kwa pasi,*
*Likapotea mjini, wakasema ni la wizi,*
*Limerudi peke yake, limejipaka marashi.*

Tukatembea. Mikono ikakutana. Nilimtazama machoni, pua kwa pua, nikauliza kama sheria inavyotaka:

*Eeh mwenzangu, nawe ukafanyaje?*

*Nikaliloweka,* akajibu.

Wapiga pasi chumba cha pili wakaangua kicheko. Walidhani ni wimbo wa utani, na wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, unaingia mwilini. Kufika saa nne chumba kizima kilikuwa kinaitikia. Mimi niliitikia pia, ingawa nilijua shati ni la nani. Na sheria ilinifunga mdomo. Nisingeweza kumwambia ondoka, wala nisingeweza kumwambia baki. Nilichoruhusiwa ni kuuliza tu.

Nikauliza kesho yake. *Nikalisuuza.* Nikauliza keshokutwa. *Nikalianika.* Wiki ya pili akaongeza ubeti:

*Nimelipiga sabuni, nimelisugua kola,*
*Nikalianika nje, hata jua likachoka.*

*Eeh mwenzangu, nawe ukafanyaje?*

*Nikalipiga pasi.*

Kweli alilipiga pasi. Akalitundika kabatini na wenzake kumi na sita. Kaka alipofungua kabati akaliona, akameza mate, akasema, "Eh, kumbe lilikuwepo!" Akalivaa. Shati aliloibiwa mchana kweupe limerudi kabatini likiwa limepigwa pasi, na yeye hakuuliza swali hata moja! Wifi aliniambia habari hiyo katika ubeti, na wapiga pasi walicheka mpaka mmoja akaunguza foronya.

Lakini mwisho haukuja. Kila siku jibu jipya: nikalitundika, nikalifunga vifungo, nikalipangusa vumbi. Wimbo ulikuwa unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mashuka yakaanza kutoka na tumbo. Bibi Pasi akaja mlangoni, akalishika moja, akalirudisha.

"Hili limekunjwa na watu wanaofikiri," alisema.

Jumapili moja nilikwenda kula kwao. Tulikuwa wanne mezani: kaka, wifi, binti yao wa miaka kumi na miwili, na mimi. Kaka alikuwa amevaa lile shati. Nawaapia, alikuwa amelivaa. Binti alikuwa anakusanya sahani huku anaimba chini chini, *limerudi peke yake, limejipaka marashi,* maana mama yake alikuwa anauimba nyumbani bila kujijua. Na kaka yangu, Mungu amsamehe, akaanza kupiga mluzi kuufuatisha.

"Wimbo mzuri huu," akasema. "Nani kautunga?"

"Wa kazini," wifi akajibu, macho kwenye bakuli.

"Shangazi," binti akanigeukia, "eti mwishoni yule mtu alifanyaje?"

"Haujaisha bado," nikasema.

"Haujaisha?" Kaka akacheka, akajifuta mdomo. "Huyo mwanamke wenu mjinga kweli. Shati moja analiimbia mwezi mzima! Kama limemshinda si alirudishe lilikotoka?"

Kijiko cha wifi kilianguka kwenye bakuli. Mimi nilitazama dari. Hasira na kicheko vilinipanda kwa pamoja, na sikujua kipi kitatoka kwanza, nikakimbilia jikoni. Wifi akanifuata. Tulisimama mbele ya karai, tumezibana midomo kwa mikono, machozi yanatutoka. Kisha nikaona yake yamebadilika, yamekuwa machozi kweli.

Alijipangusa kwa kitambaa cha sahani, akarudi mezani na chai.

Siku iliyofuata, Jumatatu saa tatu asubuhi, Nukta Tatu alikuja dukani.

Kaunta siku hiyo ilikuwa zamu ya wifi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mashuka yangu, naona kila kitu. Yule dada alisalimia kwa heshima, akaweka furushi lake, akasema ana jambo dogo ambalo linamwaibisha kulisema.

"Kuna shati halikurudi. Karibu mwezi sasa. Si langu, la mwenzangu. Yeye ananiambia niache tu, si kitu, lakini kitu cha mtu ni cha mtu."

"Lipoje?" wifi akauliza, kalamu mkononi.

"Jeupe, mistari ya bluu."

"Lina alama?"

"Sijui kama ni alama. Ndani ya kola kuna vijistari viwili vya kijani. Nadhani alishona marehemu mkewe."

Nilishika pazia. Bibi Pasi, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama hapo hapo. Wifi aliandika kila neno taratibu, mwandiko mzuri, kama anavyowaandikia wateja wote. Jeupe. Mistari ya bluu. Vijistari viwili vya kijani.

"Pole kwa usumbufu," alisema. "Litapatikana. Njoo Ijumaa."

Dada akashukuru, akaondoka. Wifi akaingia nyuma, akashika pembe zake za shuka. Nilidhani ataanguka. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika.

"Wifi," akasema, "nimekufa lini? Mbona hamkuniambia?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini juu ya lile shuka safi, na Bibi Pasi hakutugombeza. Alituwekea mkono kichwani, mmoja mmoja, kisha akamtazama wifi.

"Binti yangu, hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu, bibi."

"Aa," akasema Bibi Pasi. Akachukua ndoo yake akaenda zake.

Wiki ile sikumwelewa wifi. Aliimba kidogo. Jibu lake kila siku lilikuwa moja, *nikalitazama,* basi. Ila alikuja na mfuko, na kila mapumziko alikaa kwenye ngazi ya uani na kiwembe na shati la kaka, anafumua ule uzi wa kijani. Kistari kimoja, cha pili, anapuliza vipande, anachukua shati lingine. Yalikuwa kumi na saba. Kaka hakugundua, kwa sababu aliambiwa yamekwenda kufuliwa, na kwake nguo huenda kufuliwa na kurudi kama vile mwezi unavyopungua na kujaa, kazi isiyo na mtu.

Nilitaka kuuliza, basi unaondoka? Nilitaka jibu liwe ndiyo kwa ajili yake. Na nasema kweli, usiku mwingine nilitaka liwe hapana kwa ajili yangu. Angeondoka, angekuwa nani kwangu? Mke wa kaka akiacha kuwa mke, dada wa mume anabaki na cheo gani? Niliogopa kuambiwa kwamba mimi pia ni wa upande wa mashati.

Ijumaa Nukta Tatu alirudi. Wifi akamwekea kaunta furushi kubwa, limefungwa kwa karatasi ya kahawia na kamba. Juu lilikuwa na kikaratasi na pini.

"Mimi nilipoteza moja tu," yule dada akasema.

"Nimekuwekea na ndugu zake."

Akasoma. *Tumefua mara tatu. Doa halikutoka. Tunarudisha.* Akainua uso. Wifi akamwambia kwa sauti ile ile ya mteja na dobi:

"Dada, ule uzi wa kijani nilishona mimi. Nimeufumua wote, kwa hiyo usihangaike."

Ilichukua muda. Niliuona ukweli unampanda yule mwanamke shingoni mpaka masikioni.

"Aliniambia amefiwa na mke," alisema.

"Basi nimefufuka."

Nilitegemea vita. Nilikuwa nimeshavua hata hereni. Lakini yule dada alifunika uso kwa viganja, na alipoviondoa alikuwa anacheka kile kicheko cha mtu aliyejigonga kiwiko. Alilisukuma furushi lirudi upande wetu.

"Samahani sana, dada. Mimi pia silitaki. Kwangu hakuna hata kamba ndefu ya kuanikia."

Akalipia nguo zake, akaniangalia mimi na hereni zangu mkononi, akatuaga vizuri. Mpaka leo ni mteja wetu.

Furushi likabaki kaunta. Halikuwa na kijumba, kwa sababu halikuwa na alama. Miwani alilizunguka mara mbili, akasema katika miaka yake yote hajaona mzigo uliokataliwa na pande zote mbili.

Jumamosi asubuhi kaka hakuwa na shati la kuvaa. Akaja dukani na fulana. Alikuwa ameshapata habari kutoka upande wa soko, ilionekana usoni, lakini alikuja na lile tabasamu lake la kumtoa nyoka pangoni, na mkononi ana keki ndani ya boksi. Akapita kaunta, akaingia mpaka chumba cha kukunjia, mahali ambapo mteja haruhusiwi. Wifi na mimi tulikuwa katikati ya shuka.

"Mke wangu," akasema, kwa upole kabisa. "Mambo ya nyumbani tuyamalizie nyumbani. Nimekosa. Twende, mtoto anasubiri, nimenunua na keki. Haya mambo wewe unajua kuyasafisha kuliko mtu yeyote."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maana nilimwona wifi analegea. Sentensi ile ilimgusa penyewe, pale pale pa zamani, kwenye ile fahari ya dobi. Pembe za shuka zilishuka mkononi mwake. Wapiga pasi walikuwa wamesimama mlangoni, na pasi moja ilikuwa inafuka moshi bila mtu.

Kaka akanigeukia. "Na wewe dada yangu, sema naye. Wewe ni damu yangu."

Ni kweli, mimi ni damu yake. Nilimbebea begi la shule, alinifundisha kuendesha baiskeli, na siku baba alipofariki tulilala tumeshikana mikono. Nampenda mpaka kesho. Lakini nilikuwa nimeshika pembe mbili za shuka na zilikuwa zinanitaka nifanye kitu kimoja. Nikalivuta shuka likakaza. Wifi akashtuka, akalivuta upande wake. Tukarudi nyuma, hatua moja, mbili, na sauti ikamtoka, ndogo mwanzoni, kisha ile kubwa kuliko mikono yake:

*Nimefua mara tatu, mikono imechubuka,*
*Uzi wangu nimetoa, alama imefutika,*
*Doa hili ni la shati, si la aliyelifua.*

Tukaelekeana. Kaka alikuwa katikati yetu, akalazimika kusogea ukutani na keki yake. Mikono ikakutana. Nilimtazama wifi machoni, na nilijua swali hili likitoka mdomoni mwangu silirudishi tena. Nikauliza:

*Eeh mwenzangu, nawe ukafanyaje?*

Kaka akafungua mdomo kusema kitu. Wapiga pasi, na Miwani nyuma yao, na Bibi Pasi mwenyewe ambaye huwa haimbi, wakauliza mara ya pili, wote kwa pamoja:

*Eeh mwenzangu, nawe ukafanyaje?*

*Nikaondoka,* akaimba wifi yangu.

Halafu akalia, halafu akacheka, halafu akasema kwa maneno ya kawaida, nje ya wimbo, "Nimeondoka, baba watoto. Nimejaribu mara tatu. Furushi lako liko kaunta." Akakabidhi pembe zake mikononi mwangu, akainama, akashika mkunjo wa chini, tukalimaliza lile shuka. Lilitoka limenyooka kabisa.

Kaka alichukua furushi. Pale mlangoni akasoma kikaratasi, midomo inamtembea, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka Jumapili ile na maneno yake mwenyewe, kwa sababu alifunga macho kidogo. Keki aliiacha. Tuliila.

Mchana ule tulihamisha vitu vya wifi: vyumba viwili nyuma ya duka la mikate, dirisha moja, kamba ndefu nzuri uani. Hakuchukua vingi. Godoro la binti, sufuria, cherehani ya mkono, redio. Binti alibeba redio kichwani, na tulipofika aliuliza kama wimbo umeisha. Mama yake akamwimbia mwisho, hapo hapo kwenye ngazi.

"Mzuri," binti akasema baada ya kufikiri. "Nilidhani atalichoma moto. Hivi ni bora."

Kaka bado ni kaka. Haupiti mwezi hajaja kumwona binti yake, na nguo zake anazileta mwenyewe kaunta, anapanga foleni. Miwani alimpa alama mpya, duara jeusi, akamwambia asilipoteze. Mluzi ameacha.

Lakini nilitaka kuwaambia kuhusu Jumatatu iliyofuata. Nilifika kazini mapema, nina wasiwasi, sijui nimsalimieje. Wifi? Shoga? Mama fulani? Nilikuwa nimejiandaa kwa jina lolote atakalonipa. Nikavua kanga, nikavaa gauni langu la kazi, na kitu kikanikwaruza shingoni. Nikalivua, nikageuza kola. Ndani palikuwa na vistari viwili vya kijani, vipya, fundo halijakatwa vizuri.

Nikageuka. Alikuwa ameshasimama upande wa pili wa meza, ananikunjulia shuka la kwanza la siku.

"Usije ukapotelea kwenye furushi la watu," akasema. "Shika pembe zako, wifi."